Sabufa Chini ya Paa la Udongo

Naanza na aibu yenyewe, ili mtu asidhani naizungukazunguka: mimi ndiye yule mwanamume aliyewamwagia udongo watu waliokuwa karibu kuwa wakwe zake, ndani ya nyumba yao wenyewe, mchana kweupe, wakiwa wanakula, na wala sikushika jembe wala koleo, nilinunua spika tu. Kuna kijiji kimoja nje kidogo ya Chamwino ambako mpaka leo sina jina, naitwa "yule wa sabufa", na kusema kweli sijapata hoja ya kuwapinga.

Ila mambo yalianza mbali, yalianza kwenye treni. Nilitoka Mpanda na begi moja, godoro nililolikunja na kulifunga kwa kamba ya katani, brashi zangu za rangi, na dumu la asali ambalo mfuniko wake ulikuwa haukazi vizuri (hilo nilikuja kulijua Kaliua, nilipovaa soksi). Treni ile haina haraka na mtu. Tabora tulishushwa tukangoja nyingine mpaka nikazoeana na mbwa wa stesheni, kisha tukapanda, tukalala tumekaa, na kulipokucha nikaona nchi imebadilika, kavu, nyekundu, vichaka vya miiba, ng'ombe wembamba, na karibu na Bahi nikaanza kuona nyumba za udongo, fupi kwenda juu na ndefu kwenda mbele, ambazo juu ni bapa kama meza. Nikamwuliza mama niliyekaa naye mbona wenzetu hawa hawajaezeka.

"Wameezeka," akasema. "Juu kuna miti, fito na udongo. Hiyo ndiyo tembe."

Nikasema alaa, nikageukia dirisha la pili, nikasahau. Laiti ningeuliza swali moja zaidi.

Mimi ni fundi rangi. Nilimaliza kidato cha nne kwetu Kasulu nikaondoka kwenda kutafuta maisha, na tangu hapo nimeyatafuta Songea, Tunduma, Sumbawanga na Mpanda, na kila nilipofika nilipata kazi, nikapata chumba, na baada ya muda nikapata hamu ya nilikotoka. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikiwa Tunduma nilikuwa naikumbuka Songea, ambako sikupapenda hata siku moja nilipokuwa pale. Dodoma nilikuja kwa sababu majengo ya ofisi yalikuwa yanapanda upande wa Ihumwa, na jengo likishapanda lazima lipakwe rangi. Nikapanga chumba Mkonze, asubuhi naenda kazini, jioni najilaza nasikiliza nyimbo za miji niliyoiacha kwa kaspika ka simu kanakolia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa.

Pale Mkonze ndipo nilipokutana na Perisi, fundi cherehani mwenye kibanda kando ya barabara. Nilimpelekea ovaroli yangu ya kazi iliyochanika goti, akaikunjua mezani, akaanza kuikagua kama ramani.

"Hii bluu ya wapi?"

"Shule moja Songea."

"Na hii kijani?"

"Zahanati, Sumbawanga."

"Nyekundu je?"

"Baa, Tunduma."

"Umepaka nchi nzima," akasema, "na wewe mwenyewe bado hujakauka."

Nilicheka, nikarudi siku ya pili na ovaroli hiyo hiyo, safari hii nimeichana mwenyewe.

Sikuwa kijana, nilishavuka arobaini, na yeye hakuwa binti wa juzi, kwa hiyo tulipofika kwenye habari za ndoa tuliongea kama watu wazima, kwa kifupi. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kukaa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia hucheka mpaka akasahau kwamba siku ile mwenzake alikuwa anatafuta mke.

Tatizo likawa wazee. Baba yake Perisi, Mzee Ndahani, alituma neno kutoka kijijini: mgeni aje, tutampokea, lakini mimi siozeshi binti yangu kwa mtu aliyeshuka kwenye treni peke yake, tunataka tusikie watu wake. Watu wangu walikuwa mmoja, baba mdogo Filipo, na yeye yuko Kasulu na mguu wake haumfikishi hata sokoni. Lakini sauti yake, jamani, sauti bado anayo, aliwahi kuimba kwaya upande wa sauti nzito na mpaka leo akikusalimu unahisi kama kuna lori linapanda mlima nyuma ya nyumba. Nikapata wazo. Kupiga simu isingewezekana, Perisi alishaniambia mtandao ndani ya nyumba yao hauingii, ukuta mnene na juu kumefunikwa. Basi baba mdogo atarekodi ujumbe wa sauti, anitumie, mimi niende na spika nzuri, wazee wamsikie kama vile amekaa nao. Na ili asipotee njia, nikamwandikia maneno ya kusema. (Hapa wenye akili huwa wananikatiza. Naomba niendelee.)

Ndipo nikaenda mjini kununua spika, nikiwa na Baba Neema, jirani yangu wa mlango wa pili, dereva wa ofisi moja ya serikali, ambaye alikubali kuwa mshenga wangu kwa kuwa ana koti. Muuza duka, dada mmoja mtulivu, alituwekea maboksi mawili juu ya kaunta. La kwanza spika mbili ndogo zisizo na waya, zinashika simu zenyewe, zinaongea zenyewe kwa zenyewe, na ndani yake kuna betri, unazichaji kama simu. La pili spika mbili za namna hiyo hiyo, halafu na sabufa, boksi jeusi ukubwa wa ndoo mbili, na hiyo lazima uichomeke kwenye umeme.

"Unataka kusikiliza nini hasa?" akaniuliza.

"Mtu akiongea."

"Basi chukua hizi ndogo. Maneno yanatoka safi. Sabufa ni ya ngoma."

Ningelipa pale pale, leo ningekuwa na mke. Lakini Baba Neema alikuwa ameshaikumbatia sabufa.

"Bro, tuwe siriasi," akasema. "Unakwenda ukweni na hivi vikopo? Watasema huyu amekuja na redio ya shambani. Mtu mwenye sabufa ni mtu mwenye nyumba. Umewahi kuona mtu anayehamahama ana sabufa?"

Neno hilo likaniingia. Kweli, katika vyumba vyote nilivyopanga sikuwahi kuwa na kitu nisichoweza kukibeba begani. Nikaitazama sabufa, nikajiona nimetulia, nimeoa, nina kochi. Nikainunua. Dada wa duka akafunga boksi bila kusema kitu, na mpaka leo ule ukimya wake nausikia.

Siku yenyewe tulikwenda na sabufa imekaa mapajani mwangu njia nzima, miguu ikafa ganzi, na simu yangu nayo ikaanza kufa kwa sababu Baba Neema alikuwa ameing'ang'ania anasikiliza muziki wa kujiandaa kisaikolojia. Njiani ujumbe wa baba mdogo ukaingia. Niliona zimekuja jumbe mbili, moja juu ya nyingine. Nikasema wazee bwana, amebonyeza mara mbili. Sikusikiliza hata moja, nilimwamini, maneno si nilimwandikia mimi.

Tukafika. Nyumba ilikuwa tembe, ya zamani, pana, safi, imefagiliwa mpaka inang'aa, na umeme wa vijijini ulikuwa umeshaingia, taa moja na kibao kimoja cha kuchomekea kilichopigwa misumari ukutani. Nikainama kuingia, nikatazama juu, nikaona miti myeusi ya moshi na fito, na sikumkumbuka yule mama wa treni hata kidogo. Nilichoona ni kibao cha umeme kilivyokaa. Kilikuwa upande wa mlango wa jikoni, upande wa akina mama, na chini yake kwenye mkeka amekaa mama yake Perisi.

Sasa nieleze kwa asiyejua. Ukiwa unakwenda kuoa, mama wa binti humsogelei. Humtazami usoni, hupiti mbele yake, humnyooshei mkono, unakaa mbali na kichwa umekiinamisha mpaka mambo yaishe, tena hata baada ya kuisha. Na bwana harusi mtarajiwa haongei, anaongelewa. Waya wa sabufa ulikuwa mfupi kama mkia wa mbuzi na nyumba ile haikuwa na waya wa kuunganishia. Kwa hiyo Perisi akachukua sabufa, akaiweka pale kwenye kibao, karibu na mama yake, na spika zake mbili juu yake, na simu yangu akaichomeka tundu la pili ipate chaji. Mimi nikakalishwa kwenye kigoda mlangoni, upande wa pili kabisa. Spika zisizo na waya, na kitu cha kuzizima kipo mahali ambapo mguu wangu hauruhusiwi kukanyaga.

Baba Neema akasimama, akafunga vifungo vya koti, akasema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa lafudhi ya kwao Moshi, watu wakafurahi, akasalimu, akajieleza, akanieleza. Chakula kikaletwa, ugali wa uwele, mlenda, kuku, na firigisi ikawekwa mbele ya Mzee Ndahani. Mzee akasema, "Haya, huyo mzee wenu tunaweza kumsikia tukiwa tunakula?" Baba Neema akampa Perisi ishara, Perisi akabonyeza simu, kisha akatoka kwenda jikoni kuleta maziwa, kama inavyotakiwa.

"Shikamooni wazee wa Dodoma," ikasema sabufa.

Nyumba nzima ikanyooka. Haikuwa sauti, ilikuwa kitu kinachopita chini ya viti. Baba Neema alikuwa ameikaza besi mpaka mwisho tangu tulipoijaribu Mkonze, ambako mabati yalilia mpaka mama mwenye nyumba akatoka nje kutazama mvua.

"Mimi ni Filipo, baba mdogo wa kijana huyu. Kijana wetu ametulia. Hahamihami. Ni mtu wa kukaa."

Kwenye "kukaa" nikaona kitu kama moshi kinashuka kutoka juu. Kikatua taratibu kwenye mlenda. Kaka mkubwa wa mzee, aliyeitwa Baba Yona, akatazama juu, akatazama bakuli, akalifunika kwa kiganja. Kila neno zito la baba mdogo lilikuwa linashusha vumbi lake. Alipofika kwenye "tunaomba heshima yenu" Mzee Ndahani alikuwa ameshavua kofia na kuiweka juu ya firigisi.

Ujumbe ukaisha. Nikavuta pumzi. Nikasema moyoni, vumbi ni kitu kidogo, vumbi watu wanapangusa.

Sasa simu hizi zina tabia, ujumbe wa sauti ukiisha na chini yake kuna mwingine, unajianzisha wenyewe. Na ule wa pili haukuwa marudio.

"Haya mwanangu," akasema baba mdogo, kwa sauti tofauti kabisa, ya mtu aliyevua viatu. "Nimesoma kama ulivyoniandikia. Hapo pa 'hahamihami' nimerudia sana, maana kicheko kilikuwa kinanibana."

Na akacheka.

Ndugu zangu, kicheko cha baba mdogo Filipo kwenye sabufa ndani ya tembe simtakii hata adui yangu. Fito zikatetemeka, kipande cha udongo ukubwa wa mkate kikaachia juu, kikatua katikati ya ugali kwa heshima zote, na nyuma yake mjusi, ambaye alitutazama sote kisha akaondoka kwa haraka. Shangazi yake Perisi akajitupia kanga kichwani. Baba Neema akanong'ona, "Zima, bro, zima," na mimi nikanyanyuka nusu kigodani, nikamwona mama mkwe mbele yangu, nikakaa tena. Nikamkonyeza Baba Neema aende. Naye akaondoka hatua moja, akakumbuka kwamba siku ile yeye ndiye mimi, na mwiko ni wake pia, akarudi.

Shangazi akanyoosha mkono kuchomoa waya. Mama mkwe, kitenge chote kimekuwa chekundu kwa vumbi, akamshika mkono.

"Mwache amalize," akasema. "Mgeni anaongea."

Na mgeni akaendelea.

"Sasa nikuulize, hao watu wanajua? Mimi nilikufuata Songea na gunia la mahindi nikaambiwa umeshahamia Tunduma, mahindi nikamwachia mwenye nyumba wako. Marehemu mama yako alikuwa anakuwekea sahani yako kila Krismasi. Huyo binti, kama ni mtu mwema, mwambie ukweli. Na umwambie asinunue vyombo vizito."

Sabufa ikatoa kamlio kadogo ka kuagana. Perisi alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kibuyu cha maziwa, sijui tangu lini, na mimi nikatazama miguu yangu, ambayo sijawahi kuijua vizuri kama siku ile.

Mzee Ndahani akachukua kofia yake, akaikung'uta gotini pole pole, akaivaa.

"Mshenga."

"Naam, mzee."

"Wazee wenu tumewasikia. Wa kwanza alikuwa anasoma. Wa pili alikuwa anaongea. Tunamjibu huyu wa pili." Akatoa kijiti kwenye mlenda. "Mwambie tumempenda. Tena angekuja yeye kuoa, leo tungemaliza."

Baba Yona akacheka mpaka akakohoa vumbi. Mzee akaendelea. Sikufukuzwa. Nilitakiwa nikae Dodoma mvua mbili zipite, yaani misimu miwili, wanione, kisha nirudi. Udongo nilioushusha niupandishe. Na sabufa ibaki pale pale ilipo.

"Akitaka kuhama," akasema, "atakuja kuchukua mzigo wake, na sisi tutamwuliza, baba, unakwenda wapi?"

Kazi ya kupandisha udongo niliifanya Jumapili iliyofuata, na kijiji kizima kilikuwa na shughuli karibu na pale. "Fundi, leo umekuja na redio gani?" "Fundi, tuimbie kidogo kule kwangu, kuna ukuta nataka uanguke." Mama mkwe alikuwa ndani anasikiliza ibada kwa sabufa yangu, besi ameitoa yote, na maneno yalikuwa yanatoka safi kabisa.

Mvua ya kwanza nilikaa. Naomba hilo liandikwe mahali. Nilikaa, nikapaka, kila Jumamosi nikapita kibandani kwa Perisi, na yeye hakuwahi kunisema kwa neno lolote, alisema tu, "Mimi nilijua tangu ovaroli. Wao ndio walitaka kusomewa." Kisha majengo ya Ihumwa yakaanza kuisha, upepo ule wa Dodoma ukaanza kuvuma na vumbi lake, na siku moja nikajikuta naikumbuka Mpanda, asali, hata mbwa wa stesheni ya Tabora. Nikapata habari kuna kazi Kahama. Nikajiambia ni ya muda. Nikajiambia nitarudi kabla ya mvua ya pili. Lakini kwenda kijijini kuchukua sabufa sikwenda, maana kule kulikuwa na swali linaningoja na jibu lake nilikuwa nalijua. Nikaona heri nipoteze sabufa.

Siku niliyoondoka, ambayo sasa najua ndiyo ilikuwa ya kuondoka moja kwa moja, nilipita kwa yule dada wa duka nikanunua zile ndogo mbili. Akaniambia nizijaribu. Kwenye simu kitu cha kwanza kilichokuja kilikuwa ujumbe wa baba mdogo, ule wa kusoma. Ukatoka vizuri, kila herufi mahali pake, hakuna kilichodondoka.

"Huyu mzee anaongea vizuri," akasema. "Anasema kijana ametulia. Kijana gani?"

"Ndugu yangu mmoja," nikasema, nikafunga begi.

Kutoka pale nikaenda Mkonze kuchukua ovaroli. Perisi alikuwa ameishona goti upya, ameipiga pasi, kitu ambacho hakuna mtu anayeifanyia ovaroli. Akaikunjua mezani mara ya mwisho, akatafuta, akatafuta.

"Rangi ya Dodoma iko wapi?"

Nikamwonyesha tone moja la rangi ya maziwa karibu na mfuko.

"Mbona dogo hivi."

Akaona boksi linachungulia kwenye begi, akalisoma pembeni.

"Hizi hazina sabufa?"

"Hazina."

"Zinatosha?"

"Kwa mtu mmoja zinatosha," nikasema, na kabla sijamaliza kulisema nikatamani kulirudisha. Yeye akakunja ovaroli, akanipa, akageukia cherehani.

Tangu siku hiyo nimeapa sinunui tena kitu kinachohitaji kuchomekwa ukutani, na kiapo hicho nimekishika vizuri, huku nilipo kila nilicho nacho kinaingia kwenye begi. Jioni nawasha zile mbili ndogo nasikiliza nyimbo za Dodoma. Sauti ni safi. Kila nikimaliza natazama juu, kwa mazoea, na juu ni mabati ya mwenye nyumba.